Picha na Jina Lake: Insha juu ya Historia ya Kupiga Picha katika Nchi ya Babati

Mji wa Babati umekaa kando ya njia kuu ya kale itokayo Arusha kwenda Dodoma, baina ya ziwa lenye jina lilo hilo na mlima Kwaraa. Alfajiri ukungu huinuka juu ya maji, viboko hurejea ziwani kutoka malishoni, na kwa muda wa saa moja hivi nuru huwa laini, ikaenea sawasawa juu ya uso wa mtu na juu ya jani la mgomba. Kisha jua hupanda. Ifikapo saa sita mchana vivuli hufupika vikajificha chini ya nyayo, na mtu aliyevaa kofia huonekana pichani kama mtu asiye na macho. Kila apigaye picha katika mji huu, awe fundi wa studio au mfuatiaji wa ndege na wanyama, hufundishwa na jua lile lile, na asiyetaka kufundishwa nalo huaibishwa nalo.

Nimeanza na jua kwa sababu ya kosa moja la zamani. Vitabu vya Ulaya vilivyofundisha sanaa hii viliagiza kwamba chumba cha studio kijengwe na dirisha kubwa upande wa kaskazini. Agizo hilo lilikuwa la haki kwao, maana huko jua la adhuhuri hukaa kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini hupata nuru ya mbingu tupu, isiyobadilika. Lakini Babati ipo kiasi cha nyuzi 4 kusini ya Ikweta. Hapa jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na mapema mwezi wa Oktoba. Tangu Machi mpaka Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Tangu Oktoba mpaka Machi huwa upande wa kusini. Basi fundi aliyejenga kwa kufuata kitabu huona mwezi wa Juni jua likiingia dirishani na kumchoma mteja machoni, na kumbe dirisha lililomfaa siku ile lilikuwa la kusini. Mtu wa hapa hana budi kuwa na madirisha mawili, au dirisha moja na pazia jeupe, au akili ya kuhamisha kiti. Kanuni iliyo kweli London huweza kuwa uwongo Babati kwa zaidi ya nusu ya mwaka.

Insha hii yataka kueleza jinsi sanaa ya picha ilivyoingia katika nchi zetu, jinsi mafundi walivyoshindana na joto na mwanga, na jinsi wengine walivyojifunza subira mbele ya wanyama wa mwitu. Lakini ina neno moja la kusema zaidi ya hayo. Kazi ya mpiga picha ni tatu: kuitawala nuru, kungoja saa yake, na kuandika jina la kile kilichopigwa. Kazi mbili za kwanza zimepata mabingwa wengi. Ya tatu imedharauliwa, na hasara yake twaiona leo katika masanduku ya picha ya nyumba zetu.

Dunia ilitangaziwa habari ya picha za nuru mwaka wa 1839, katika mji wa Paris, kwa njia ya Louis Daguerre. Njia hiyo ilitoa picha moja tu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, wala haikuweza kuzaa nakala. Mwaka wa 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia nyingine, ya kioo kibichi. Kioo kilipakwa dawa ya kunata iitwayo kolodioni, kikachovywa katika maji yenye chumvi ya fedha, kikatiwa ndani ya kamera kingali chepechepe, kikapigwa, kisha kikasafishwa papo hapo. Kikikauka kabla ya kusafishwa, kazi yote imeharibika. Kwa hiyo mpiga picha alisafiri na chumba chake cha giza mgongoni mwa wapagazi: hema, chupa za dawa, maji safi, na vioo vyenyewe.

Tunajua jinsi mzigo huo ulivyomshinda mtu mmoja katika nchi zetu. James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha Unguja mwaka wa 1860, na baadhi ya picha hizo zimehifadhiwa hata leo. Walakini walipoingia bara, joto ndani ya hema lake dogo la giza lilikuwa kali hata ikahofiwa kwamba litamuua, akaiacha kamera akashika penseli ya kuchorea. Msomaji asicheke. Mtu aliyefunga turubai pande zote katika jua la pwani, akainama juu ya etha na chumvi ya fedha, alikuwa katika tanuri yenye sumu. Upungufu wa picha za bara kabla ya mwaka wa 1880 hautokani na ukosefu wa watu waliotaka kuzipiga tu. Watokana pia na kioo kilichokataa kungoja.

Kioo kilichokubali kungoja kilipatikana kwa bidii ya tabibu wa Kiingereza, Richard Leach Maddox, aliyeeleza mwaka wa 1871 namna ya kuishika chumvi ya fedha ndani ya gundi ya mifupa ya wanyama, yaani jelatini. Kioo kikavu kiliweza kukaa miezi kabla ya kupigwa, na miezi mingine kabla ya kusafishwa. Hivyo kazi ya nuru na kazi ya dawa zikatengana. Mtu akaweza kupiga picha leo nyikani na kuisafisha baadaye mjini. Mwaka wa 1888 George Eastman wa Marekani aliuza kamera ya Kodak yenye filamu ya kuzungushwa, na mwaka wa 1925 Wajerumani wakatoa kamera ndogo ya Leica, iliyotumia filamu ya upana wa milimita 35. Tangu hapo kamera iliweza kukaa katika mfuko wa koti.

Studio za kwanza zilizopata sifa katika pwani yetu zilikuwa za Unguja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Mgoa A. C. Gomes alifungua studio huko, na baadaye J. B. Coutinho, naye Mgoa, akashindana naye. Mwaka wa 1930 Ranchhod Oza, aliyepata kufanya kazi katika nyumba ya Gomes, alifungua studio yake mwenyewe, Capital Art Studio, ambayo mwanawe aliirithi. Katika pwani ya Kenya N. V. Parekh alipiga picha za watu wa Mombasa tangu miaka ya 1940, na Omar Said Bakor wa Lamu akasifika kwa kukata na kuunganisha picha mpaka mtu akaonekana amekaa ndani ya ua au juu ya kitu ambacho hakukigusa kamwe.

Mambo ya studio za kale yalikuwa na sababu zake. Kioo cha wakati ule kilihitaji nuru kwa sekunde kadhaa, na ndiyo maana kulikuwa na kiti chenye chuma cha kuegemeza kichwa nyuma, kisichoonekana pichani. Ndiyo maana pia wazee wetu katika picha za kwanza hawatabasamu: kicheko hakikai sekunde nne bila kutikisika, lakini uso mtulivu hukaa. Pazia lililochorwa nguzo na bustani lilikuwa kiini macho, lakini lilikuwa na kazi ya pili, yaani kuuzuia ukuta usirudishe kivuli cha mteja. Mikono iliwekwa juu ya magoti au juu ya meza kwa sababu mkono ulioachwa hewani hutetemeka. Hivyo mengi ambayo leo twayaita heshima ya kale yalikuwa kwanza mahitaji ya kioo, kisha yakawa adabu.

Kulikuwa na shida nyingine iliyotuhusu sisi zaidi ya watu wa Ulaya. Dawa ya vioo vya kwanza ilisikia rangi ya samawati na urujuani, ikawa kiziwi kwa rangi nyekundu na ya hudhurungi. Uso mweusi wenye wekundu ndani yake ulitoka pichani mweusi kuliko ulivyo, ilhali kanzu nyeupe iliwaka kama chokaa. Vioo vilivyosikia rangi zote viliuzwa na nyumba ya Wratten & Wainwright ya London mwaka wa 1906, lakini shida haikwisha hapo. Hata filamu za rangi zilipokuja, maabara nyingi zilipima rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Ngozi yake ilipotoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya 1990.

Fundi wa Afrika Mashariki hakungoja kadi hiyo. Aliyeijua kazi yake alipima nuru usoni mwa mteja wala hakuipima juu ya kanzu. Alimsogeza mteja karibu na mlango, kwa maana anajua kwamba mtu akiwa mbali na dirisha dogo mara mbili ya kwanza, nuru imfikiayo hupungua ikawa karibu robo. Alitandaza shuka jeupe upande wa kivuli, lililorudisha nuru shavuni na kuyaonyesha macho. Akachagua pazia la rangi ya wastani, si jeupe la kuumeza weupe wa nguo wala jeusi la kuzimeza nywele. Na wakati wa kuchapa alikata kipande cha karatasi nene, akakitikisa juu ya uso wakati taa ikiwaka, ili uso usipate giza zaidi na kanzu iendelee kuonyesha mikunjo yake. Hila hizi zote hazihitaji umeme mwingi wala fedha nyingi. Zahitaji jicho linaloona kwamba uso ndio habari na nguo ni maelezo.

Ustadi huo ndio uliopanda barabara kutoka pwani mpaka miji ya bara. Studio ya mji mdogo, kama tulivyozijua Babati, ni chumba kimoja kinachotazama njia: mbele kibaraza, ndani benchi na pazia, nyuma kikao cha giza chenye taa nyekundu na beseni tatu. Katika beseni la kwanza karatasi hupata sura, katika la pili dawa husimamishwa, na katika la tatu picha hukazwa isiharibiwe tena na nuru. Kisha huja kazi isiyo na sifa, yaani kuosha. Karatasi isiyooshwa sana kwa maji yapitayo hubaki na dawa ndani yake, na baada ya miaka hugeuka rangi ya manjano. Picha nyingi za manjano katika nyumba zetu hazikuzeeka kwa sababu ya miaka peke yake. Maji yalikuwa machache siku ile, au mteja alikuwa na haraka ya basi.

Watu walikuja studio kwa sababu nyingi. Wengine walitaka picha ndogo za hati za serikali, shule na safari, ambazo ndizo zilizolipa kodi ya chumba. Wengine walikuja kwa ndoa, kwa ubatizo, kwa Idi, au kwa kuwa koti jipya limetoka kwa fundi cherehani. Mgorowa, Mmbugwe, Mwiraqw, Mrangi na Mmang'ati walikaa juu ya benchi moja siku ya mnada. Katika studio mteja alikuwa na mamlaka: alichagua nguo, akachagua nani asimame karibu naye, akalipa, akaichukua picha yake nyumbani. Jambo hili ni kubwa, nasi tutalirudia.

Sasa tutoke chumbani twende nyikani, kaskazini na mashariki ya Babati, katika uwanda mpana unaoshuka kuelekea Tarangire na nyika ya Wamasai. Huko sanaa ya picha ilikuwa na mwanzo wake mwingine. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezaliwa mwaka wa 1865 na kufa mwaka wa 1921, alizunguka baina ya Kilimanjaro na nyika hiyo tangu mwisho wa karne ya 19, na katika safari zake za miaka ya 1902 hadi 1904 alijaribu jambo lililodhaniwa kuwa haliwezekani, nalo ni kuwapiga picha wanyama wakati wa usiku. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1905, kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka uliofuata, kikiwa na picha zipatazo 300.

Njia yake ilikuwa hivi. Alifunga punda au ng'ombe mahali ambapo simba hupita, au alichagua kijia cha kwendea majini. Kamera iliwekwa tayari imeelekezwa mahali pamoja. Uzi ulitandazwa njiani, na mnyama alipougusa au alipomrukia yule chambo, unga wa magnesi uliochanganywa na chumvi kali uliwaka kwa mlipuko, na mlango wa kamera ukafunguka na kufungwa. Unga ule ulikuwa wa hatari kwa mwenyewe kama bunduki, na unyevu wa usiku uliuharibu mara kwa mara. Usiku mwingi ulipita bila kitu. Wakati wa mchana alitumia lenzi ndefu zenye kuvuta vitu vya mbali, nzito, zilizohitaji stendi imara na mkono usiotikisika. Katika miaka ile ile George Shiras wa Marekani alikuwa akipiga picha za paa usiku kwa hila kama hiyo huko Michigan. Lakini ni Schillings aliyeileta katika nchi ya simba.

Kitabu chake kwa Kijerumani kiliitwa kwa jina lenye maana ya kwenda na taa ya mmweko na bunduki. Jina hilo latufaa kulitafakari, kwa kuwa Kiswahili nacho chatumia neno moja kwa mambo hayo mawili: twapiga picha na twapiga risasi. Schillings alifanya yote mawili, akawaua wanyama wengi, na baadaye akawa mmoja wa waliolia wasimalizwe. Lakini jina la kitabu linataja taa na bunduki. Halimtaji mpagazi aliyevibeba vioo kichwani kuvuka nyika, wala mtu aliyekesha akiulinda uzi.

Kutoka Schillings mpaka leo hila zimebadilika kuliko shabaha. Mpiga picha wa mwituni bado huamka kabla ya jua. Kuanzia saa nne za asubuhi ardhi yenye joto huipa hewa mtetemo, na lenzi ndefu ikiuvuta twiga wa mbali huvuta na mtetemo huo, picha ikatoka kana kwamba imepigwa ndani ya maji. Kanuni ya mkono yasema kwamba muda wa nuru usizidi moja ya urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 300 yataka sekunde 1/300 au pungufu ya hapo, la sivyo pigo la moyo wa mpigaji huonekana pichani. Kando ya Ziwa Manyara kuna mtego mwingine. Magadi meupe na anga lililojaa nuru humdanganya kipimanuru, kwa sababu chombo hicho hudhani kwamba dunia yote ni ya rangi ya wastani; ukikitii, magadi hutoka ya kijivu na heroe hutoka weusi. Hapana budi kuongeza nuru kwa hatua moja au mbili, kama vile fundi wa studio alivyopima uso na kuiacha kanzu. Kumbe ndani na nje elimu ni moja.

Katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, iliyotangazwa mwaka wa 1960, picha ilipata kazi mpya. Mwaka wa 1966 kijana wa Kiskoti, Iain Douglas-Hamilton, alifika kuchunguza maisha ya tembo, na swali lake la kwanza lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: nitamjuaje tembo huyu na yule? Aligundua kwamba ukingo wa sikio la tembo una machengo, mipasuko na matundu yasiyofanana na ya mwenzake. Basi ilimpasa kungoja mpaka tembo amwelekee uso kwa uso na kuyatandaza masikio yote mawili, na wakati huo ndio ambao tembo huwa amekasirika. Picha haikuhitaji uzuri. Ilihitaji ukingo wa sikio uliokatika vizuri juu ya anga. Kila mmoja akapata kadi yake, na wengi wakapata majina. Boadicea, jike mkuu mwenye hasira, na Virgo, jike mpole aliyezoea watu, walijulikana mbali sana na Manyara. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ulipoangamiza tembo wengi wa Tanzania, mambo yaliyojulikana kwa njia ya kadi kama hizo yalikuwa ushahidi wa kile kilichopotea.

Kazi hiyo imeendelea karibu zaidi na Babati. Katika Tarangire, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1970, tembo wamefuatwa mmoja mmoja tangu mwaka wa 1993. Twiga wa sehemu hizo nao hupigwa picha ubavuni, kwa kuwa madoa ya twiga hayabadiliki tangu kuzaliwa mpaka kufa, na programu ya kompyuta hulinganisha madoa hayo kama karani alinganishavyo alama za vidole. Na kamera zinazofungwa mitini leo, zijipigazo zenyewe mnyama apitapo, ni wajukuu wa uzi wa Schillings, wasio na mlipuko wala chambo.

Hapa ndipo nilipokuwa nikielekea. Tazama, msomaji, mambo haya mawili yakiwa bega kwa bega. Katika nchi hii hii ya Manyara tembo ana kadi yenye picha, jina, mama yake, na mwaka aliozaliwa. Na watu je? Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani aliyefanya kazi katika nchi hii kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo, aliacha mamia ya picha ambazo sasa zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Ni picha zilizopigwa kwa ustadi. Lakini nyingi maelezo yake ni ya aina hii: shujaa wa Kimasai, miaka ya 1906 hadi 1918. Kabila lipo, na miaka 12 ya kubahatisha ipo. Jina halipo. Mtu yule alisimama mbele ya lenzi, akazuia pumzi yake, akairuhusu sura yake iende Ulaya, na hakuna aliyemwuliza aitwaje. Au aliulizwa na jibu halikuandikwa.

Yamkini mtu atasema kwamba hilo ni kosa la wakoloni, nalo limekwisha. Ningependa kukubali, lakini siwezi. Nyumbani kwetu kuna sanduku la bati lenye picha za jamaa. Mojawapo ni ya studio: mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua wamesimama wanawake wawili na kijana wa kiume mwenye soksi ndefu. Nuru imetoka dirishani upande wa kushoto, nyuso zote tatu zaonekana mpaka kwenye kona za macho, na nguo nyeupe ya mmoja haikuungua. Fundi aliyeipiga alijua kazi. Nyuma ya karatasi kuna alama ya muhuri iliyofutika nusu, wala hakuna neno jingine. Bibi tunamjua. Kijana ni kaka yake. Mwanamke wa pili, mama mdogo husema ni wifi yao aliyeolewa Mbulu akafia huko. Mjomba hushika kwamba ni jirani tu, aliyeazimwa nguo ile kwa siku hiyo. Waliojua wamekufa. Hapakuwa na mkoloni katika chumba kile. Kulikuwa na sisi wenyewe, tulioamini kwamba uso unajitosheleza.

Uso haujitoshelezi. Kwa muda wa kizazi kimoja picha huishi kwa kumbukumbu za wanaomjua mtu. Baada ya hapo huishi kwa maandishi au hufa ikiwa mikononi mwetu. Nilisema kwamba katika studio mteja alikuwa na mamlaka. Mamlaka hayo yalikuwa na upungufu huu: katika daftari la fundi mteja mara nyingi alikuwa namba ya risiti, na namba ilipolipwa ilikufa.

Hatari ya leo ni kubwa kuliko ya jana. Studio za filamu zimefungwa mji baada ya mji, kwa kuwa simu imechukua kazi yao. Vyumba vyao vimegeuzwa maduka mengine, na bahasha za filamu zilizosafishwa hutupwa, huchomwa, au huachwa chini ya bati lenye joto mpaka zishikamane. Katika bahasha hizo mmo historia ya mji wa Babati ambayo haimo katika jalada lolote la serikali: nani alivaa nini, nani alisimama na nani, lini miwani ya jua ilifika, na mwanamke gani alikuwa wa kwanza katika nyumba yake kukaa na wanaume wameketi nyuma yake. Nazo picha za simu, ambazo ni nyingi kupita hesabu, hazina hata mgongo wa kuandikia.

Kwa wanafunzi wasomao jarida hili nina ombi lisilogharimu sana. Waendapo likizo Babati au kwingineko, wamtafute mzee mmoja aliyekuwa fundi wa picha, wamwulize alifanyaje kazi na nani waliokuja kwake, wakaandike. Filamu zilizosafishwa zitiwe katika bahasha za karatasi kavu, si katika plastiki inayofunga unyevu, zikae mbali na paa na jiko. Picha iandikwe nyuma kwa penseli laini, wala si kwa kalamu ya wino, ambayo hukandamiza karatasi na kuvuja mpaka mbele. Yaandikwe majina yote kwa mpangilio wa kushoto kwenda kulia, mahali, na mwaka. Na jina liandikwe kama mwenyewe alitamkavyo, si kama karani alivyolifupisha. Picha ya simu ipewe jina lake siku ile ile, na iliyo muhimu ichapwe. Na mtu akipiga picha ya mtu asiyemjua njiani, amwulize ruhusa kwanza na jina baadaye. Akinyimwa la kwanza, aishushe kamera.

Mimi nimeanza na sanduku la nyumbani. Nyuma ya picha ile ya wanawake wawili nimeandika kwa penseli jina la bibi na jina la kaka yake, na maneno aliyoyasema mama mdogo, na yale aliyoyasema mjomba. Kwa huyo wa pili nimeacha mstari mtupu, ili akitokea mtu wa Mbulu mwenye kujua, apate pa kuandika.